Mwonjaji wa Chakula cha Kamba

Nimestaafu kazi kabla ndevu zangu hazijakutana kidevuni. Nikipita vichochoro vya kwetu Biryogo, mafundi cherehani wananiita "mstaafu", na mmoja wao hunipisha kiti chake, halafu wote wanacheka. Mimi nakaa. Kiti ni kiti.

Mama Solange, mwenyekiti wa koperative yetu, yaani ushirika wetu wa kufuga kamba, ameniagiza niandike niliyoyaona kazini kwa ajili yenu mnaoshika sinia baada yangu. Nilimwambia nimesoma shule ya msingi tu na ninaandika polepole. Akasema kamba nao wanakula polepole na hakuna anayewalaumu. Basi naandika. Nikisema kamba, nasema wale wa majini, wenye miguu mingi na masharubu marefu kuliko mwili. Wa kwetu ni wa maji yasiyo na chumvi. Waliletwa wakiwa wadogo kama punje za mchele, kwa ndege, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa.

Mabwawa yetu mnayajua: yako bondeni chini ya Rebero, yamefunikwa kwa plastiki kwa sababu baridi ya Kigali haiwapendezi. Ambalo huenda hamlijui ni kwamba zamani yalikuwa mashimo ya udongo wa matofali. Mwenye matofali, Mzee Gaspard, alikubali mashimo yajazwe maji kwa sharti moja lililosemwa mbele ya wanachama wote. Kamba wakikosa mnunuzi, maji yanatolewa na udongo unarudi kuchimbwa. Mama Solange alikuwa ameuza duka lake la vitenge ili awalete kamba hao, na alikuwa amehamia kwenye kibanda kando ya bwawa. Maji yakitoka, yeye naye anatoka, maana tanuru la matofali lilikuwa limepangiwa pale pale alipoweka kitanda chake. Mzee Gaspard hakuficha. Kila akija kutusalimia alikuwa anazunguka kibanda akikipima kwa hatua, huku akiuliza habari za afya.

Siku ya kwanza nililetwa na shangazi. Mama Solange alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa buti za mpira na kitenge kizuri sana, mabaki ya duka.

"Unaongea sana?" akaniuliza.

Nikatazama viatu vyangu.

"Anaongea huyu?" akamgeukia shangazi.

"Siku ya Idi huongea kidogo."

"Basi nimemchukua. Wageni wangu hawapendi kelele."

Nilidhani anasema wageni wa kutoka mjini. Akaingia ndani, akarudi na kisahani cha chai. Juu yake kulikuwa na vijiti vya rangi ya kahawia, vifupi kama vipande vya njiti ya kibiriti.

"Onja."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa? Kwenu mgeni akija mnampa kinywaji bila kusogongera?"

Kusogongera ni desturi ya nchi hii. Mwenye nyumba hunywa funda la kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa, ili mgeni ajue hakuna sumu. Kila mtu anaifanya kwa pombe ya ndizi, na wengine kwa maziwa. Sikuwahi kusikia mtu akiwafanyia viumbe wa majini.

"Mama, hawa ni kamba," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Hawa ni wageni. Wamekuja kwa ndege. Wewe umewahi kupanda ndege?"

"Hapana."

"Basi wamekuzidi. Onja."

Nikaonja. Kilikuwa na ladha ya samaki wa juzi aliyefungwa kwenye boksi la viatu. Nilitafuta mahali pa kutema, lakini Mama Solange alikuwa anautazama mdomo wangu. "Ukitema wewe, yeye atakula kwa moyo gani?" akasema. Nikameza. Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yangu ya ajira. Sijawahi kupewa nyingine.

Jioni ile akanifundisha utaratibu wenyewe. Unasimama ukingoni, mahali wanapoweza kukuona. Unatafuna kijiti kimoja waziwazi. Unasema "karibuni". Unateremsha sinia la chakula majini kwa uzi, polepole, lisipinduke. Kisha unageuka na kuwapa mgongo, kwa sababu kumtazama mgeni anavyotafuna ni utovu wa adabu. Ndiyo maana katika siku zangu zote za kazi sijawahi kumwona kamba akila. Nimeona masinia matupu tu. Lakini sinia linasema kweli. Ukilivuta ukakuta limesafishwa, kesho ongeza kidogo. Ukikuta mabaki, punguza, na usinung'unike, maana chakula kinachobaki chini kinaoza na maji yanachafuka. Kamba anayekaa kwenye maji machafu hapeleki malalamiko kwa mtu. Anakufa tu.

Siku zile chakula kilitengenezwa kwa dagaa wa Kivu waliosagwa. Kamba walikipenda. Tatizo lilianza siku Mama Solange alipokwenda sokoni na kununua gunia zima. Nyuma yake alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, akaambiwa dagaa wamekwisha. Mama Solange alirudi na lile gunia juu ya kichwa cha mchukuzi. Jioni akawaita wanachama, akawapikia dagaa wote, tukala mpaka tukashindwa.

"Mgeni anayekula mpaka mtoto wa mwenye nyumba analala njaa, huyo si mgeni," akasema. "Ni jeshi. Kuanzia kesho kamba watakula kitu ambacho hakuna mtu anakitaka."

"Wape matofali," akasema Mzee Gaspard, akaongeza dagaa kwenye sahani yake.

Kitu ambacho hakuna mtu anakitaka kilipatikana. Kilikuwa funza. Si funza wa chooni, msinielewe vibaya. Kuna nzi mweusi, mwembamba, asiyeingia nyumbani wala kukaa juu ya chakula cha watu. Funza wake hula mabaki ya jikoni, wananenepa, kisha unawaosha, unawachemsha, unawakausha na kuwasaga. Unachanganya na mashudu ya soya, pumba za mpunga na maganda ya mayai yaliyotwangwa. Mama Solange aliwafuga kwenye mabeseni nyuma ya kibanda. Kilichobaki ni mabaki ya jikoni, na kwa hayo alinituma mimi, mtu ambaye dukani huonyesha kidole badala ya kutaja anachonunua.

Nilianza na nyumba za Rebero, juu kule. Niligonga mageti nikiomba Mungu yasifunguliwe. Yalifunguliwa. Nilipewa majani ya saladi na machicha ya kahawa. Funza waliyazunguka siku kadhaa kama watu waliofika kwenye harusi wakakuta chai tu. Hawakukua.

Ndipo nikarudi kwetu, kwa Mama Rukia mwenye hoteli ya chakula karibu na msikiti. Nilisimama mlangoni na ndoo mpaka wateja wa mchana wakaisha.

"Wewe si mtoto wa kwa Shabani?" akaniuliza. "Kwani kwenu hamli siku hizi?"

"Si yangu. Ni ya funza."

"Ya nani?"

"Funza. Wa kamba. Wale wa… wageni."

Alinitazama kwa huruma ambayo hata sasa siisahau, akanijazia ndoo pilau mpaka juu. Alidhani nina njaa na aibu, na nusu yake ilikuwa kweli. Funza walipoliona pilau la Mama Rukia walifanya kazi kwa bidii mpaka beseni likapata joto. Walinenepa kuliko tulivyotegemea. Kesho yake nikarudi na ndoo tupu, iliyooshwa.

"Wamesemaje?" akauliza Mama Rukia.

"Wamemaliza."

"Na biriani wangependa?"

Kuanzia hapo alikuwa anawatangazia wateja: "Chakula changu hata funza wa Rebero hawabakishi!" Nilimwomba asiseme hivyo wakati watu wanakula. Sikumwomba kwa mdomo. Nilimwomba kwa macho, na hakunielewa.

Sasa niwaambie kuhusu ulimi, kwa sababu mnaweza kudhani kuonja ni mchezo wa Mama Solange tu. Pumba zikishika ukungu, pua huenda isijue, lakini ulimi unauma kule nyuma, karibu na koo. Hizo mwaga, hata kama zinaonekana safi. Funza waliokaushwa vibaya wana ladha ya mshumaa wa zamani, mafuta yao yameharibika, na kamba wataugua. Mchanga utausikia menoni. Usionje ukiwa umeshiba na usionje baada ya chai ya tangawizi. Mimi nilikuwa naonja asubuhi kabla ya kupiga mswaki, jambo ambalo shangazi hakulipenda.

Kuhusu vifaa, mashine yetu ya kwanza ilikuwa ile ya kusagia nyama, ya kuzungusha kwa mkono. Fundi mmoja wa kuchomelea pale Nyakabanda alituchongea sahani yenye matundu. Matundu ya kwanza yalikuwa makubwa, tukatoa vitu kama mavi ya mbuzi. Mama Solange alikataa kuwapa wageni kitu chenye sura hiyo hata kama ladha ni nzuri. Nilionja, ladha ilikuwa nzuri. Fundi akatoboa sahani nyingine.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kufanya kijiti kisiyeyuke. Samaki hurukia chakula na kukimeza. Kamba hufanya kama bibi mwenye meno machache. Anakichukua, anakizungusha mkononi, anakiuma kidogo, anakitazama tena. Haya nimeambiwa, maana mimi nilikuwa nimegeuka. Kwa hiyo kijiti lazima kikae majini bila kuvunjika mpaka amalize mambo yake. Vyetu vilivunjika mara moja. Wageni wetu walikuwa wanakaribishwa kwenye supu.

Nikawa najaribu kila mchanganyiko mpya kwenye glasi ya maji hapo kwa Mama Rukia, wakati nikisubiri ndoo. Nilikuwa naiweka mezani, pembeni, na kuingia jikoni. Siku moja nikatoka nikakuta glasi iko tupu. Mbele yake amekaa Sudi, motari mmoja mrefu anayebeba abiria kwa pikipiki, anajifuta mdomo.

"Hii juisi ni ya nini?" akauliza.

Nilitaka kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Ya soya," nikasema, na soya ilikuwemo.

"Nzito vizuri. Kesho niwekee tena."

Kesho yake alikaa pale pale, na mimi sikuwa na glasi nyingine wala uso wa kumkatalia. Hivyo Sudi alikunywa karibu majaribio yote ya koperative. Siku moja alisema ina mchanga. Nilikwenda kuchunguza pumba, mchanga ulikuwepo. Siku nyingine alisema ile ya leo ina uchungu, na kweli soya ilikuwa imeungua. Akaanza kuja na rafiki zake. Mama Rukia akaniuliza nitamuuzia lini hiyo juisi, nikaonyesha kidole barabarani kama mtu anayeitwa, nikaondoka.

Dawa ilikuja kwa bahati. Mama Solange alikuwa anapika uji wa unga wa muhogo ukashika sufuria, akashindwa kuukwangua. Akaukasirikia, kisha akautazama, kisha akaniita. Mpaka hapo, ili vijiti vishikane, tulikuwa tunatia unga wa muhogo mbichi. Tangu siku hiyo tukaupika kwanza uwe uji mzito kama gundi, ndipo tuchanganye, tusage, tukaushe kivulini taratibu. Msikaushe juani mkiwa na haraka. Jua hukausha nje na ndani hubaki na maji, na ukungu unapata nyumba.

Niliweka glasi mezani kama kawaida. Sudi akaja, akainywa, akasimama ghafla akikohoa.

"Kijana! Leo mmeharibu. Juisi haijashikana na maji. Kuna vijiti vizima humu ndani!"

Nikainyakua glasi mkononi mwake. Vijiti vilikuwa chini, vimelala, vizima. Nikakimbia nayo Biryogo nzima nimeifunika kwa kiganja, nikapanda basi nayo, nikashuka nayo, nikamfikishia Mama Solange. Alikitoa kimoja, akakibonyeza kwa vidole, hakikuvunjika. Akakaa chini kwenye majani na kitenge chake.

"Sasa wanaweza kula kama watu," akasema.

Sudi tulikuja kumweleza ukweli baadaye, Mama Rukia akiwa shahidi. Aliuliza kama kamba wanaendelea vizuri.

Kuna jambo moja la kamba ambalo hakuna adabu inayolitibu. Anapokua, anavua ganda lake lote kama mtu anayevua koti, na kwa muda anakuwa laini, hawezi kujitetea. Wenzake wanamla. Mama Solange aliposikia hili aliudhika, akasema wageni waliolelewa vizuri hawali wageni wenzao. Lakini kila asubuhi tulikuta wamepungua. Walihitaji mahali pa kujificha wakati wa kuvua. Tulijaribu majani ya migomba, yakaoza. Mwishoni Mama Solange alimwendea Mzee Gaspard kuomba matofali yake yenye matundu, yale yaliyopinda wakati wa kuchomwa.

Mzee Gaspard akakuna kichwa.

"Ngoja nisikie vizuri. Unataka tofari yangu, ujengee mududu nyumba, ndani ya shimo yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mududu ikistawi, mimi nakosa shimo."

"Ndiyo."

"Ariko wewe mama uko na ujasiri," akasema. Ariko kwa Kinyarwanda ni lakini. Alituletea matofali yeye mwenyewe kwa toroli, na akayapanga majini kwa mstari ulionyooka, maana alisema jina lake haliwezi kuwa kwenye mji uliopangwa ovyo. Kisha akazunguka kibanda, akakipima kwa hatua, akaaga.

Msimu ule kamba walibaki wengi. Walikua wakawa na urefu wa kiganja, makucha yao ya buluu. Mimi nilianza kuwashwa midomo kila nikionja, nikadhani ni pilipili ya Mama Rukia inayopitia kwa funza. Nilikunywa maji, nikaendelea.

Mnunuzi alipopatikana, wanachama wote walikuja kushuhudia, kwa sababu ya lile sharti: asiponunua, maji yanatolewa. Wanaume walivaa suti, akina mama walivaa mishanana, yale mavazi ya harusini ya kufunga begani. Mzee Gaspard naye alivaa suti, na mkononi alikuwa na sepeto. Aliiegemeza kwenye ukuta wa kibanda kwa heshima, kama mtu anayeacha mwavuli. Mnunuzi alikuwa mpishi kutoka Kenya, Bwana Odhiambo, anayepikia hoteli moja mjini. Aliletwa na Sudi kwa pikipiki.

Kamba waliingia kwenye sufuria wakiwa wa kijivu na buluu. Walipotoka walikuwa wekundu. Wanachama wakarudi nyuma na viti vyao.

"Mama Solange," akasema Mzee Gaspard, "hii mududu imekasirika."

"Ndivyo inakuanga ikiiva," akasema Bwana Odhiambo. "Ni tamu sana, mzee. Haya, mama, mimi niko tayari."

Lakini huku mgeni hawezi kuanza. Lazima mwenye nyumba aonje kwanza. Mama Solange akawatazama wanachama, wanachama wakatazama kilima cha Rebero. Hakuna hata mmoja aliyewahi kula kamba, na Mama Solange mwenyewe alikuwa hajawahi. Alikuwa amewalisha, amewajengea, amewaombea, lakini kuwala hakukuwa kumemjia akilini.

"Mwonjaji yupo," akasema.

Nikasogea mbele. Bwana Odhiambo alinimenyea mmoja, nikatafuna waziwazi, kama nilivyofundishwa. Ladha ilikuwa tamu, safi. Nilitafuta ndani yake soya, funza na pilau, sikuviona. Nilitaka kusema neno zuri. Ndipo nikahisi midomo yangu inakua.

Sikujiona, kwa hiyo naandika niliyosimuliwa. Midomo ilitangulia, mashavu yakafuata, macho yakawa mistari miwili. Mama mmoja akasema, "Mana yanjye," yaani Mungu wangu, "kijana anageuka." Bwana Odhiambo akaweka uma wake chini polepole. Mzee Gaspard akainuka, akaenda kuchukua sepeto.

Sudi alinikimbiza kwenye pikipiki yake, akajaribu kunivisha kofia ngumu ya abiria. Ilikwama mashavuni. Akaisukuma, nikapiga kelele, akaitoa.

"Bila kofia simpeleki," akasema. "Askari wakituona nitasema nini? Kwamba uso wake ni mkubwa?"

"Anakufa!" akasema mama mmoja.

"Hafi, anapumua vizuri. Na kofia haiingii. Naenda duka la dawa mwenyewe." Akaondoka.

Bwana Odhiambo alisimama, anafunga vifungo vya koti. Alisema kwa upole kwamba amewahi kuona hali kama ile, kwamba ni mwili wa mtu mmoja kukataa, si sumu. Lakini angewaambiaje wakubwa wake wa hoteli? "Mama, siwezi nunua kitu imefurisha mtu mbele ya macho yangu. Nielewe tu."

Mama Solange alinawa mikono kwenye ndoo. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka sahani yote ya kamba mapajani, juu ya kitenge. Akachukua mmoja, mzima, na kichwa chake na masharubu yake, akauma. Mlio ulisikika mpaka ng'ambo ya bwawa.

"Mama, unatoa ganda kwanza," akasema Bwana Odhiambo.

"Mgeni asinifundishe kula kwangu," akasema Mama Solange, akauma tena. Kisha akainua macho, akatukuta sote tumemkodolea. "Na nyinyi mna adabu gani? Mtu anakula!"

Tukageuka. Koperative nzima, suti na mishanana, mpishi wa hoteli na Mzee Gaspard na sepeto yake, tukampa Mama Solange mgongo na kutazama plastiki ya bwawa. Nyuma yetu tulisikia kruu, kruu, kruu. Kisha pakawa kimya. Kimya kikawa kirefu. Hakuna aliyethubutu kugeuka, kwa sababu kama bado anakula ni utovu wa adabu, na kama amekufa tutakuwa tumejua mapema mno.

Mzee Gaspard akakohoa. "Mama Solange," akaita bila kugeuka. "Uko hai?"

Kimya.

"Mama Solange! Mimi hilo tanuru naweza kulijenga hata upande wa pili!"

"Leteni pilipili," akasema Mama Solange.

Tulipogeuka, uso wake ulikuwa ule ule. Sahani ilikuwa na masharubu machache tu. Bwana Odhiambo alimtazama, akafungua tena vifungo vya koti, akakaa, akaomba sahani nyingine. Baada yake akala katibu wa koperative, baada ya katibu wakala akina mama, kwa ncha za vidole kwanza, kisha kwa mikono miwili.

Sudi alirudi na vidonge na ujumbe kutoka kwa dada wa duka la dawa. Dada huyo alisema mtu aliyekula funza siku nyingi, mwili wake unaweza kufika mahali ukawakataa, na kamba na wadudu ni ndugu. Nisiguse tena, si kamba, si funza, si vijiti. Nilimeza kidonge kwa shida. Mama Solange akaja akanishika bega, akawageukia watu.

"Mwonjaji wetu amestaafu leo," akatangaza. "Ametumika mpaka mwili ukasema basi. Hotuba!"

Wakapiga makofi, wakaitisha hotuba. Midomo yangu haikuweza kufunguka, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na sababu nzuri. Waliniketisha kiti cha mbele pamoja na wazee.

Bwana Odhiambo akasema atachukua bwawa lote, na msimu ujao pia, kama tutakuwepo. Ndipo Mama Solange akamwomba katibu apigishe kura mara moja, mnunuzi akiwa bado amekaa. Mashimo yabaki maji, au yarudi kuwa udongo.

"Wanaotaka maji, mikono juu," akasema katibu. Mikono ikainuka, mingi, inang'aa mafuta.

"Wanaotaka matofali."

Kila mtu akamtazama Mzee Gaspard. Sepeto ilikuwa imelala kwenye majani karibu na kiti chake. Alikuwa na kamba mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, na wa tatu mdomoni, masharubu yakining'inia juu ya tai.

"Mzee," akasema katibu, "na wewe mkono wako ni wa wapi?"

Mzee Gaspard akatafuna mpaka akamaliza.

"Mimi mikono yangu iko na kazi," akasema. "Andika mnavyotaka."

Mama Solange akasogeza bakuli la pilipili karibu naye.